Tulivyogawana kompyuta ya marehemu kaka na kuipoteza orodha ya mizinga ya Mzee

Mwezi wa pili mwaka 2003 nilimpoteza kaka yangu Rajabu. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu akawa ameondoka.

Baada ya arobaini tukapoteza na kazi yake kubwa kuliko zote. Hii ya pili niliipoteza mimi, kwa bisibisi yangu mwenyewe.

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo. Pale ambapo kosa ni langu nitasema ni langu, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo wataalamu wa Linux mnivumilie nikieleza mambo kwa lugha ya fundi redio.

Maana ndiyo kazi yangu. Wakati ule nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Itigi, karibu na stesheni ya treni.

Baba yetu, Mzee Juma, ni mrina asali. Mizinga yake imetundikwa ndani ya kile kichaka cha Itigi, ambacho mgeni akiingia hatua hamsini tu hajui tena alikotokea. Mizinga hiyo ndiyo iliyotulisha wote.

Mzee akaanza kupoteza macho. Mimi niko kibandani nachomelea nyaya, sikufikiria lolote. Rajabu alifikiria.

Alizunguka na Mzee msituni msimu mzima, kamshika mkono. Kila mti wenye mzinga anaandika: unaufikiaje, ni mti gani, alama ya ukoo wetu imechongwa upande upi. Halafu akarudi Mandewa, Singida mjini, alikokuwa na ofisi ndogo ya kuchapia watu barua, akaiingiza orodha yote kwenye kompyuta yake.

Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Hakujali. "Iko kwenye mashine," aliniambia, "nitaichapa nikipata wino."

Hakuwahi kuupata huo wino.

Kompyuta yake ilikuwa inaendeshwa na Linux, siyo Windows ya watu wengi. Alifundishwa na mzee mmoja wa Kilimatinde, mwalimu mstaafu, nitamwita Mwalimu Yohana. Vijana wa mtaani walikuwa wanamtania Rajabu: "Kompyuta gani haina hata ile picha ya kilima cha kijani ya Windows?" Yeye anacheka, anaendelea kuchapa. Virusi vilipokuwa vinaangusha mashine za wenzake mjini, yake ilikuwa inawaka tu.

Sasa nije kwenye kosa.

Kwetu, arobaini ikiisha, vitu vya mkononi vya marehemu vinagawanywa ili kila nyumba ipate cha kumkumbukia. Hapa sisemei nyumba wala shamba, hivyo vina taratibu zake. Nasema kanzu, baiskeli, saa, redio. Kwenye ukoo wetu anayegawa ni mjomba, na neno lake halirudiwi.

Shemeji Zaituni, mjane wa Rajabu, alisema kompyuta haijui, wagawiane wanaume. Mjomba Saidi akanigeukia.

"Fundi, ifungue tuone ina nini ndani."

Nikaifungua pale pale mkekani.

"Hivi viwili vinavyofanana ni nini?"

"Ni hard disk, Mjomba. Ndimo kazi zinamotunzwa."

"Ziko mbili?"

"Mbili."

"Basi Mungu ameshagawa mwenyewe. Moja yako, moja ya Idrisa."

Watu wakasema hapo umehukumu sawa. Idrisa ni binamu yetu, ana steshenari pale pale Mandewa. Monita akapewa Shangazi Mwajuma, ambaye aliiona ni televisheni. Nikamwambia Shangazi, hii haishiki stesheni.

"Si utaitengeneza? Wewe fundi wa nini?"

Nikafungua skrubu nne, nikachomoa diski moja, nikamkabidhi Idrisa. Kasha lililobaki, na diski yangu ndani, nikaliacha kwa Shemeji nikarudi Itigi.

Wakuu, nilijua diski inatunza kazi. Sikujua kwamba Rajabu alikuwa ametenganisha: Linux yenyewe kaiweka diski ya kwanza, kazi zake kaziweka ya pili. Ningeweza kusema ngojeni kwanza niulize. Sikusema. Kwenye ugawaji, anayesema ngojeni anaonekana ana tamaa, na mimi sikutaka nionekane hivyo juu ya vitu vya kaka yangu.

Mwezi wa tano msimu ukakaribia. Mzee akaniita.

"Ile orodha ya Rajabu iko wapi?"

"Iko Mandewa, Baba."

"Kailete. Wapitaji wameshaanza kuingia msituni."

Mrina asali anajua maana yake. Wapo watu wakikuta mzinga umejaa hawaulizi wa nani. Mzee haoni, mimi sijui njia, Rajabu yuko kaburini. Bila ile orodha, mizinga yote ya maisha ya Mzee ilikuwa ya atakayeitangulia.

Nikapanda treni hadi Manyoni, kisha basi hadi Singida.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuazima monita kwa Shangazi. Alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, juu kaweka maua ya plastiki. Akanipa kwa masharti: isikwaruzwe, na kitambaa kirudi hivyo hivyo.

Nikaunganisha nyumbani kwa Shemeji, asubuhi. Nikawasha.

Maandishi meupe yakaanza kushuka kama kawaida yake. Yakashuka, yakashuka, yakasimama. Ikasema imeshindwa kukagua /dev/hdb1, kifaa hakipo. Chini yake ikataka nywila ya msimamizi wa mashine.

Nikajaribu jina la mtoto wake. Ikakataa. Nikajaribu jina la Shemeji. Ikakataa. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza, "Imeharibika?" Nikamwambia sijui. Ndiyo ilikuwa kweli.

Hapa nilifanya jambo moja la akili, nalisema bila kujisifu. Sikuendelea kubahatisha. Kwenye redio nimejifunza kwamba usipojua, usiguse. Nilichukua kalamu nikanakili kila kilichoandikwa kwenye kioo, herufi kwa herufi, hata nisichokielewa. Kesho yake nikaenda Kilimatinde.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni ndugu yake Rajabu, sura imebaki."

Akanipa pole. Kisha nikampa karatasi. Akaisoma mara moja tu.

"Hda ni diski ya kwanza, hdb ni ya pili. Hapa inamtafuta wa pili. Yuko wapi?"

"Tuligawana, Mwalimu."

"Mligawana nini?"

"Diski. Mjomba aligawa, moja mimi, moja Idrisa."

Akavua miwani.

"Na ng'ombe mnamgawana hivyo? Huyu miguu ya mbele, huyu ya nyuma, halafu mnakaa na kibuyu mnasubiri maziwa?"

Nilicheka, wakuu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Akaniandikia karatasi mbili za maelekezo, moja ya mambo yakienda vizuri, nyingine ya yakienda vibaya. Akanipa na CD moja ya kuwashia Linux bila kutumia diski. "Hiyo haiulizi nywila," akasema. "Ila usiandike kitu chochote kwenye ile diski kabla hujajua hali yake."

Nikarudi Mandewa, moja kwa moja kwa Idrisa.

"Ile diski?" akasema. "Hata haikunifaa. Niliifunga kwenye mashine yangu ya Windows, ikaniambia haijafomatiwa, nataka kuifomati? Nikabonyeza ndiyo."

Nikashika meza.

"Ikamaliza?"

"Hapana bwana. Alikuja mteja na barua ya kuomba kazi, ana basi la kuwahi, mashine ikawa nzito kama imemeza mawe. Nikakatisha, nikaichomoa. Iko kabatini. Kwani ina nini?"

Nikamwambia ina mizinga ya Mzee. Idrisa akafunga duka mchana kweupe tukaenda wote kwa Shemeji.

Kwa wasiojua niwaeleze. Windows haiusomi mpangilio wa Linux. Ikiukuta, inadhani diski ni tupu, na inakuomba kwa adabu kabisa ruhusa ya kuua kila kitu.

Nikafunga diski zote mbili. Nikawasha. Safari hii mashine haikuona diski hata moja.

Idrisa akasema basi ndiyo imekufa. Nikamwambia subiri, ikishakosa zote mbili kwa mpigo, tatizo ni la kifundi. Diski za zamani zilikuwa zinakaa mbili kwenye waya mmoja, na kila moja ina kale kakipande keusi ka plastiki, jampa, kanakosema nani mkubwa nani mdogo. Nikamulika kwa tochi.

"Idrisa, ulikahamisha haka?"

"Nilikahamisha. Kwenye mashine yangu ilikuwa peke yake."

Wakubwa wawili kwenye waya mmoja. Nikakarudisha mahali pake kwa kibanio. Nikawasha, zote mbili zikaonekana.

Nikawasha kwa CD ya Mwalimu, nikajaribu kuifungua ile ya pili. Ikagoma. Ikasema superblock mbovu. Huo ni kama ukurasa wa kwanza wa daftari, unaoeleza kurasa nyingine zimepangwaje. Ule mguso wa Windows ulikuwa umeuchana.

Nikatoa karatasi ya pili, ya yakienda vibaya.

Linux inaweka nakala za ukurasa huo sehemu nyingine ndani ya diski. Mwalimu alikuwa ameandika: e2fsck -b 32768 /dev/hdb1. Maana yake, kagua diski hii, lakini anzia kwenye nakala.

Wataalamu mtasema ningenakili diski nzima pembeni kwanza. Ni kweli kabisa. Sikuwa na diski nyingine, na Singida nzima sikumjua wa kuniazima. Nilisema bismillahi nikabonyeza.

Ikaanza kuuliza maswali. Nirekebishe? Nikabonyeza y, yaani ndiyo. Nirekebishe? y. Sikumbuki yalikuwa mangapi, kidole kiliuma. Shemeji alileta chai ikapoa.

Ilipomaliza, diski ikafunguka. Lakini folda ya Rajabu haikuwepo. Kulikuwa na folda moja imejaa, inaitwa lost+found, na ndani yake mafaili hayana majina, ni namba tupu. Kazi zipo, majina yameliwa.

Idrisa akataka tuanze kufungua moja moja. Nikamwambia hapana, tuwaze Rajabu aliandika nini. Kwenye orodha ya mizinga lazima kuna mti. Mzee anapenda kutundika kwenye mninga.

Nikaandika grep -l mninga, itafute ndani ya yale mafaili yote. Ikaleta mawili.

La kwanza lilikuwa barua ya seremala anamdai mtu kitanda.

La pili lilianza hivi: "Mzinga wa kwanza. Toka relini pale kwenye daraja dogo, fuata korongo mpaka mchanga uishe. Mninga una matawi mawili. Alama iko upande wa mashariki, chini kidogo, Mzee alikuwa mfupi bado."

Shemeji alisoma hilo la mwisho akacheka, kisha akaingia chumbani. Hatukumfuata.

Idrisa akachapa nakala tatu kwa wino wake. Nikaweka nyingine kwenye flopi mbili, zile diski bapa za kuchomeka.

Wakuu, niliyojifunza ni machache ila nayaamini. Ukikutana na mashine isiyowaka, andika inachosema kabla hujaigusa. Diski ikikuomba ifomatiwe, kataa mpaka ujue ni ya nani. Kompyuta ya marehemu msiifungue siku ya kugawana kanzu. Iacheni nzima, mtafuteni anayeijua, toeni kazi zake kwanza. Na wewe uliye hai, ichape hiyo kazi leo, usisubiri wino.

Kama kuna aliyeponya superblock mbovu kwa njia nyingine, aiweke hapa, mimi najua hii moja tu. Na kama kuna ukoo mwingine uliogawana kompyuta vipande vipande, jitokezeni, nisione tuko peke yetu. Mkinisema kwa kukaa kimya pale mkekani, semeni, nitapokea.

Jambo la mwisho lilikuwa hili. Wiki iliyofuata niliingia msituni na Mzee, yeye kashika bega langu, mimi nimeshika karatasi. Mzinga wa kwanza tuliupata. Wa pili tuliupata, ila wapitaji walikuwa wameshautangulia, ulikuwa mtupu. Kuufikia wa tatu, orodha ilisema kwenye kichuguu geuka kulia.

"Hapo Rajabu amekosea," Mzee akasema. "Ni kushoto. Nilimwambia mara mbili."

Tukaenda kushoto. Tulitembea sana. Hakukuwa na kitu.

Tukarudi kwenye kichuguu tukashika kulia. Hatukufika mbali nikasikia nyuki. Mzee akaupapasa mti mpaka vidole vikaipata alama, akabaki ameishika.

Nilikuwa nawasha moshi aliposema, "Basi mtoto alikuwa sahihi."

Tukarina. Ulikuwa umejaa.

Tulipomaliza akaweka mkono begani kwangu.

"Haya," akasema, "soma unaofuata."