Wekulo na Malalamiko ya Mtaro

Wekulo hushona viatu hapa mtaani Gatwekera, mkabala na mlango wangu. Tangu watu wa jiji waje kwenye baraza kutuambia tutume malalamiko kwa simu, hiyo imekuwa kazi yake ya pili. Taka hazijazolewa, anatuma. Taa ya mlingoti imezima, anatuma. Mimi nilikuwa namcheka. "Wekulo, kura unaanza kuomba lini?" Ananijibu, "Mama Celine, tukinyamaza wote, nani atajua tuko hapa?" Mtu mbishi ajabu, lakini taa ilirudi, lazima niseme.

Juzi mtaro ukaziba, maji machafu yakaingia hadi chini ya kitanda changu. Wekulo akatuma. Sasa huku kwetu nyumba hazina nambari wala njia hazina majina. Mtu akikuelekeza, anakutajia mtu. Akaandika vile sote tunavyoelekezana: mtaro umeziba, Gatwekera, kwa Nabwire wa chapati.

Asubuhi hii kanjo wanne, askari wa jiji, wakateremka. Koleo hawakubeba. Walikuja kumtafuta Nabwire, eti ndiye aliyeziba mtaro, wamshike na kibanda wakivunje.

Kusikia tu wakitaja hilo jina, nikakimbilia kibandani kwake. Nabwire ana watoto wanne na kibanda hicho tu. Kikienda, wanalala njaa leo leo. Nikamvuta ndani kwangu, mikono yake imejaa unga, nikafunga mlango, nikasimama nje najifanya naanika nguo. Wakauliza Nabwire ni nani. Hakuna aliyemjua, hata waliokuwa bado wanatafuna chapati zake. Kanjo mmoja akaanza kung'oa bati la kibanda.

Wekulo akainuka, sindano bado mkononi. "Mimi ndiye nilituma. Nilikuwa naonyesha mahali. Huyo mama hana kosa."

Mkubwa wao akatazama simu. "Hapa kuna jina. Malalamiko hayafungwi bila mhusika. Kama si yeye, ni nani?"

Wekulo akanitazama, nami nikatazama nguo zangu.

"Andika Wekulo," akasema. Wakaacha bati, wakamshika mkono, wakaenda naye.

Nikafungua mlango. Nabwire alikuwa ameketi chini. Akataka kujua nani amemchongea kwa kanjo, amtafute leo. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ni Wekulo, na ni yeye wamembeba badala yake.

Nilidhani atatukana. Badala yake akaniuliza kama Wekulo alikuwa amekunywa chai. Akatoka, akafunga chapati kwa gazeti, nikachukua leso yangu, tukaanza kupanda kuelekea Laini Saba, upande waliompeleka, kumtafuta. Kila tuliyekutana naye tulimuuliza. Hakuna aliyejua hao watu wa jiji wanapatikana wapi.