Siku Royston Alipolowesha Uwanja

Watu walimtia haya Royston Pickersgill mara nyingi. Alikuwa mzito wa maneno, na mkewe alimchoka akahamia Hull. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja ya kutunza uwanja hakuwahi kuona haya mbele ya nyasi. Uwanja wa Skelbeck Town, timu ya daraja la saba, ulinyooka kama shuka ya hospitali. Wachezaji wageni wakishuka kwenye basi walikuwa wakiinama kuupapasa kwa kiganja. Yeye alisimama kando na toroli lake, akijifanya hawaoni.

Msimu ule Skelbeck ilimaliza ya pili. Bingwa hupanda moja kwa moja. Wa pili mpaka wa tano huingizwa kwenye mechi za mchujo, na mmoja tu ndiye anayepanda naye. Umemzidi mtu pointi kumi na nne kwa miezi tisa, kisha unaambiwa muanze upya, faida yako ni kuchezea nyumbani. Royston aliuona utaratibu huo kuwa uhuni uliovalishwa suti. Jumanne Skelbeck ikavuka nusu fainali. Fainali ikapangwa Jumamosi, pale pale nyumbani, na Ashcombe Rovers waliomaliza wa tano.

Alhamisi mwenyekiti wa klabu, Gavin Threlfall, muuza madirisha, alimkuta akichora mistari ya chokaa.

"Mzee Roy, usikate nyasi tena mpaka Jumamosi. Na kesho fungulia maji kona ile, na ile ya mkabala." Alinyoosha kidole, kwanza huku, kisha kule. "Winga wao wa kulia, Tranter, yule postamani, anakimbia kama kaiba kuku. Kipindi cha kwanza atapita hapa, cha pili pale. Sisi tunashambulia kushoto, hatuna shida. Nataka aogelee."

"Chini ya kona zile ni mfinyanzi, bosi. Pakilowa hapakauki wiki nzima."

"Unaona? Ndiyo maana nimekuja kwako wewe, fundi mwenyewe."

"Mimi uchafu huo sifanyi."

Threlfall hakukasirika. Alimshika bega, kama anavyowashika wateja wake. "Basi nisikilize. Tukipanda, nyasi zako zinabaki, nakupa neno langu. Tukikwama tena daraja hili, Juni natandika kapeti la plastiki, nilikodishe kila siku ya Mungu. Na kapeti halitaki mtunzaji, mzee. Linataka ufagio."

Usiku ule Royston hakula. Ijumaa mchana alilaza mpira wa maji kwenye kona ya kwanza, akaenda kukaa bandani mlango umefungwa ili asisikie. Baadaye akauhamishia kona ya pili. Maji yalipoanza kutuama na nyungunyungu kutoka nje ya udongo, aligeuza uso, akaacha bomba wazi.

Jumamosi asubuhi mwamuzi alikanyaga kona ile, maji yakapanda mpaka kwenye kamba za viatu.

"Hapa kuna nini?"

"Bomba lilipasuka jana," alisema Royston. Sauti ilimtoka laini, nyororo, sauti kabisa ya muuza madirisha.

Mwamuzi aliangalia mbingu zisizo na wingu, akaangalia foleni ya watu getini. "Patachezeka," alisema, akaondoka haraka kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Beryl Ogden, anayeuza chai na pai za nyama pale getini, alimtazama anavyopita.

"Roy, mbona sura hiyo? Kama umekula pai ya juzi."

"Nimekula zako miaka yote, tumbo limeshakuwa la chuma."

"Mwamuzi kasema bomba limepasuka. Bomba gani? Maji yangu ya chai yametoka vizuri tu." Alimgeuzia mgongo na kuanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

Mechi yenyewe ilikuwa aibu. Tranter, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, alipokea mpira, akaukimbiza hatua tatu, ukakwama topeni. Mashabiki wa Skelbeck wakaanza: "Postamani! Barua yangu iko wapi!" Mara ya kwanza hata wa Ashcombe walicheka. Kipindi cha pili, kwenye kona ile ya mkabala, Tranter aligeuka ghafla ili ampite beki. Mwili uligeuka, kiatu kikabaki ndani ya tope. Royston, aliyesimama mita kumi kutoka hapo, aliusikia mlio wa goti. Waliombeba kwenye machela walipita mbele ya jukwaa, na jukwaa zima likaimba: "Kifurushi kimevunjika! Kifurushi kimevunjika!" Akina mama, mababu, watu anaowajua kwa majina. Royston aliwatazama midomo yao imefunguka, pai zikionekana ndani.

Dakika ya themanini na sita Skelbeck ilifunga kwa kichwa. Moja bila. Kipenga kilipolia, watu walimwagika uwanjani.

Threlfall alimkumbatia, ananuka bia. "Umetupandisha wewe, mzee! Nyasi zako hizo, hakuna atakayezigusa! Mimi neno langu halirudi!"

Royston alijitoa mikononi mwake, akaenda moja kwa moja chumba cha wageni. Tranter alikuwa amelazwa mezani, goti limezungushiwa barafu. Cutler, kocha wao, alikuwa anakusanya chupa za maji.

"Bomba halikupasuka," alisema Royston. "Nilifungulia mimi, tangu jana. Andikeni malalamiko ligi, nitatia sahihi."

Cutler hata hakuinua kichwa. "Tunajua, mzee."

"Mnajua?"

"Nyie mlipokuja kwetu Februari, unadhani lile tope lilishuka mbinguni? Nikilalamika, kesho wanakuja kukagua kwangu. Kila mtu anafanya. Leo imekuwa zamu yenu."

"Lakini goti lake..."

"Jumatatu nina mitaa kumi na mmoja ya kugawa barua," alisema Tranter kutoka mezani, macho yake darini. "Utanipelekea?"

Tranter alimgeuzia uso.

"Basi kama umekuja kujisafisha, bafu liko mlango wa pili. Hapa toka."

Alitoka. Nje, jua bado kali, watu walikuwa wamepiga magoti golini wakikata vipande vya nyasi kwa visu vya mfukoni, wakivitia kwenye mifuko ya plastiki vikawe kumbukumbu. Jamaa mmoja mnene, skafu ya Skelbeck shingoni, alimpungia mkono.

"Roy, kaka! Huna sepetu? Kisu changu kimepinda. Nataka kipande kikubwa nikapande bustanini."

Siku nyingine yoyote angemrukia. Siku hiyo alikwenda bandani, akarudi na sepetu, akamkabidhi.

"Anzia kwenye kona ile," alisema. "Pamelainika, hutapata taabu. Na ukimaliza, mpe mwenzako."