Kurasa Sita Zilizorudi Siku Moja

Sabra binti Twalibu hakufa kwa kutoa mimba. Wanaosema hivyo, kuanzia kwenye mashine za kusaga za Kihonda hadi sokoni mjini, hawakuwapo. Walioiosha maiti yake walikuwapo, na wanajua. Alikufa kwa pombe, akiwa na miaka kumi na sita. Aliyeambiwa mapema kuliko wote ni mama yake, Mwalimu Semeni, naye hakutaka kusikia.

Mumewe alipofariki, Semeni aliachiwa nyumba ya vyumba vitatu na mtoto mmoja. Alirudi chuoni katikati ya ujane wake, akapata stashahada ya ualimu. Katika ukoo wao wa Kiluguru, ambako mtoto huhesabiwa upande wa mama, yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushuka mlimani na kusoma. Jina la ukoo alilibeba kama mtungi kichwani: shingo imenyooka, macho mbele, hasemeshwi na mtu.

Sabra alipofika kidato cha tatu, shule yao ya kutwa ilipata mpango wa kuwakinga vijana na ulevi. Kila Jumanne baada ya masomo, dada mmoja aitwaye Yuliana aliwafundisha wanafunzi namna ya kuikataa chupa bila kukosana na wenzao. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa ya nyumbani: kila juma ukurasa mmoja wa maswali, mzazi au mlezi akae na mtoto, wazungumze, mtoto aandike majibu, mkubwa asaini. Kurasa sita, majuma sita.

Semeni alizisaini zote kwa mkupuo, kama anayesahihisha madaftari, akazirudisha kesho yake.

Yuliana akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zina kosa?"

"Hazina jibu hata moja la mtoto. Mwalimu, sisi darasani tunapanda tu. Mwaka jana, kwenye shule nyingine, walioacha ni wale waliokalishwa na watu wa kwao. Wengine mtihani wetu walifaulu vizuri, wakatoka hapo wakaenda kunywa."

"Hao wana wazazi walevi. Hapa pombe haijawahi kuvuka kizingiti."

Na kweli haikuvuka kizingiti. Ilitengenezwa humo humo ndani. Sabra alikuwa amejitwalia kazi ya kupika togwa, na mama yake alimsifu kwa bidii. Togwa ya leo hunywewa hata na mtoto mdogo. Ikizidishiwa kimea na kuachwa siku nne kwenye ndoo iliyofunikwa, ni kitu kingine.

Aliyegundua ni Pazi, mdogo wake Semeni. Alishuka kutoka Kinole, kijijini kwao mlimani, na mkungu wa ndizi, akapewa kikombe, akapiga funda moja, akacheka.

"Dada, togwa hii ya lini?"

"Ya juzi."

"Juzi ya mwaka gani? Nikimaliza kikombe hiki nitaimba mpaka Kinole."

"Acha utani wako wa vilabuni."

Kicheko kikamwisha. "Mtoto anakunywa, dada. Hata likizo kule kwangu nilimkuta ananuka. Niachie nikae naye. Mimi ndiye mjomba wake, maneno haya ni yangu."

Ilikuwa haki yake. Kwao tangu zamani jambo zito la mtoto lilisemwa na mjomba. Kile ambacho karatasi za Yuliana zilikuwa zinakiomba, ukoo ule ulikuwa nacho, na kilikuwa kimeketi pale sebuleni na kikombe mkononi. Lakini mjomba akisema, ukoo husikia.

"Ukimwambia hata neno moja," Semeni alisema, "usikanyage hapa tena. Kesho Kinole nzima itajua mtoto wa Mwalimu ni mlevi."

Pazi akachukua kofia yake.

Semeni aliimwaga ile ndoo, akaisugua kwa majivu. Hakumwuliza Sabra kitu, wala Sabra hakuuliza togwa imekwenda wapi. Alitafuta kwingine.

Miezi mitatu baadaye, Jumamosi mchana, Sabra na wenzake wawili walikunywa gongo, pombe kali ya kupikwa kwa siri, ndani ya pagala lisilo na mtu, kutoka kwenye chupa ya maji. Wenzake walitapika. Yeye hakutapika. Jumapili saa sita, jua la utosini, mama yake alimkuta kitandani anapapasa ukuta.

"Mama, mbona giza? Umeme umekatika?"

Hospitalini daktari aliuliza, "Amekunywa nini?"

"Hanywi."

"Mama, nisaidie. Kama ni gongo, dawa ipo, ila inataka kuwahiwa."

"Mimi ni mwalimu. Binti yangu hanywi."

Saa tisa daktari aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Wakati huo Sabra alikuwa hawezi tena kujisemea. Magharibi Pazi, aliyepelekewa habari na majirani, alifika, akasema akiwa bado mlangoni kwamba mtoto anakunywa. Dawa ikaanza. Jumatatu alfajiri Sabra akakata roho.

Waliokuja msibani waliambiwa ni malaria. Lakini msichana mzima Ijumaa, Jumatatu kaburini, na mama hataki kuulizwa! Watu walijaza pengo wenyewe, wakaweka mimba.

Mwaka uliofuata shule iliita tena wazazi. Semeni alikwenda bila kuitwa, akakaa dawati la nyuma. Kurasa zilipogawiwa, mama aliyekuwa karibu naye, Magreth, alitoa kalamu akaanza kusaini: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Semeni akamshika mkono.

"Usisaini, mwenzangu. Kamuulize mtoto kwanza. Ukishindwa, mpe mjomba wake aulize, mpe shangazi, mpe yeyote." Akasimama, wote wakageuka. "Mimi nilisaini zote sita. Mwanangu alikufa kwa gongo. Daktari aliponiuliza, nilisema hanywi."

Kisha sauti ya kike ikatoka mbele: "Kwa hiyo, Mwalimu, lile la mimba..."

"Mimba haikuwapo. Nimesema kilichomuua, na sisemi tena."

Akachukua mkoba wake akatoka.