Stendi ya Bunduki Niliyoisifia Sana

Msinicheke sana, bado naona haya. Nauza stendi za kamera River Road, na sisi wa River Road hatusemi kitu hakuna. Tunasema "iko", halafu tunakimbilia duka la jirani.

Juzi mama mmoja wa Kitisuru aliingia akitaka stendi ya miguu mitatu ya kulazia bunduki, maana anaenda Tanzania kuwinda kwa kibali. Bunduki mimi huiona tu begani mwa polisi wa benki.

"Iko, madam. Keti dakika mbili."

Nilitokea mlango wa nyuma, nikaiomba kwa jirani, nikarudi nikihema.

"Haitikisiki?" akauliza.

"Hii? Hata nyati akuje mbio, madam! Kaka yangu anawinda nayo huko Tanzania miaka yote."

Kaka yangu wa pekee anauza sukuma wiki Mountain View.

Bosi wangu, aliyekuwa akisikiliza pale kaunta, akatabasamu kwa fahari. Mama akainama, akagusa selotepu nyekundu kwenye mguu mmoja.

"Hii selotepu nimeifunga mimi saa hii tu, kwa duka ya jirani yako, nikimwonyesha mguu unaoteleza," akasema polepole. "Sasa huyo kaka yako, bado yuko hai?"