Kisigino Hakina Mdomo

Ninyi mnaosubiri mbao zenu, hili mtalikataa, na siwalazimishi. Fundi huyu wa mbao za kuteleza mawimbini humdanganyi kwa maneno, maana yeye husikiliza visigino. Ukimwuliza, "Fundi, nibandike mpira mkiani mwa ubao mguu usiteleze, au nipake nta tu?" anakuwa kama hajasikia. Anapuliza vumbi vidoleni, anachomoa penseli nyuma ya sikio, anaulaza ubao wako juu ya mifuko ya mchanga. "Panda. Fumba macho." Kisha anakusukuma begani, polepole, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Mguu wa nyuma unapotua, anauzungushia penseli. Mara tatu. Alama zikilaliana, anakubandikia mpira. Zikitawanyika, anakupa kipande cha nta na kurudi kwenye msasa wake, kwa sababu gundi ile ikishashika haibanduki bila kung'oa rangi, na mpira haukimbizani na mguu usiojua kwao.

Juzi alikuja bwana mmoja, hodari, kifua mbele, kipande cha mpira mwekundu mkononi. Alikuwa ameshawaahidi wapwa zake kwamba Jumapili watamwona nao baharini. Akapanda, akafumba macho, akasukumwa. Sasa sikilizeni: hakutikisika hata unywele, mguu ukatua palepale mara zote tatu, fundi mwenyewe akadondosha penseli, akaapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mguu ulio—

"Shemeji," fundi akanikatiza bila kuinua kichwa, "alama zako bado zipo, moja karibu na pua ya ubao. Nta umeshapaka?"