Sura ya Nane Chini ya Uji wa Ngano

Kitabu kilinifikia ndani ya mfuko wa dagaa. Mama alikuwa amempa mtu anayesafiri kutoka Tanga, na mtu huyo akaniletea mpaka mlangoni hapa Satwa, Dubai, akaaga, akaenda zake. Dagaa walinuka kama dagaa. Lakini chini yao kulikuwa na harufu nyingine, ya unga wa ngano uliochacha zamani ukakauka, na hiyo naijua. Mwanangu wa miaka minne akanivuta gauni, anataka kujua bibi kaleta nini.

"Bibi kaleta uchafu," nikamjibu. Sijutii.

Ni kitabu cha sayansi cha darasa la watoto wa miaka kumi na miwili. Mama alirudi nacho Tanga, amekitunza miaka yote hii, na sasa amekituma na kijikaratasi: "Cha mjukuu, akikua." Sura ya nane ilikuwa bado imegandishwa. Nyinyi mnaonisoma mtajiuliza mwanamke mzima ana ugomvi gani na karatasi. Ngojeni niwasimulie kwanza.

Tulifika Dubai mwezi wa Januari, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi. Baba alikuwa mtunza ghala kule Al Quoz, basi la kampuni likimchukua kabla sijaamka. Sisi tulikaa Al Nahda, katika fleti ya vyumba viwili. Kimoja chetu, na cha pili Baba alikuwa amempangisha Nakato, msichana wa Kiganda aliyelinda mlango katika duka kubwa la jirani. Shule walisema nafasi hakuna mpaka Septemba, na hiyo Septemba yenyewe kuna mtihani wa kuingilia, sayansi kwa Kiingereza. Miezi minane. Mama akasema hatanikalisha bure, atanifundisha mwenyewe nyumbani. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na Baiolojia ndilo lilikuwa somo la kujivunia kwake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua vitabu. Vilipatikana vya mitaala mitatu. Kitabu kinene cha Waingereza, cha kuazima. Seti ya Kihindi iliyoachwa na familia ya ghorofa ya chini waliporudi kwao. Na vitabu vya Kimarekani vya kusomea nyumbani, ambavyo Nakato alivipata kwa rafiki yake mfanyakazi wa ndani baada ya madam wake kuvitupa. Mama alivisoma vyote kwa majuma mawili. Alipita juu ya Kiingereza kwa kidole, na kila neno gumu akaliandikia Kiswahili chake juu kwa penseli, herufi ndogondogo kama sisimizi. Pembeni alijiandikia namna ya kufundisha: hapa mwoneshe kwa ndimu, hapa usiseme kitu, mwache aulize. Kile cha Kihindi ndicho kilichojaa sisimizi kuliko vingine. Mbele ya watu alikuwa hajachagua, lakini penseli yake ilikwisha kuchagua.

Mbele ya watu maana yake Shangazi Rukia, dada mkubwa wa Baba, mtu wa Unguja. Alikuwa mshonaji hukuhuku Satwa tangu mimi sijazaliwa, na ndiye aliyetutafutia fleti. Hakuna lililoamuliwa kwetu bila yeye. Akaja Ijumaa baada ya sala, akaketi mkekani na udi wake, Mama akampangia vitabu kama mtu anayeuza vitenge.

Sijui nyinyi mngekagua vipi kitabu cha sayansi. Shangazi hakutazama mimea, hakutazama nyota. Alilowesha kidole ulimini akaenda moja kwa moja kutafuta miili ya watu.

"Hiki kimemweka mtu uchi," akasema, kakishika cha Waingereza kwa ncha za vidole. "Mpaka ngozi wamemvua!"

"Wifi, hiyo ni misuli."

"Na misuli ndo isivae?"

Akakitupa kando. Akachukua cha Kimarekani, akafungua, akatabasamu. "Hiki kizuri. Nnaona kina dua kila mwisho wa somo."

"Hiyo ni yangu, Mama!" Nakato akapaza sauti kutoka jikoni. "Hiyo ni maombi ya Yesu!"

Shangazi akakiachia kama kaa la moto. Nilicheka, na nikafinywa.

Kikabaki cha Kihindi. Sura ya nane ilihusu mwili unavyobadilika mtoto anapokua. Shangazi alitazama ule mchoro mmoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote, kisha akafunga kitabu na kukikalia.

"Hiki asomeshwe mtoto wa kike? Na wewe mamake ndo umsomeshe?"

"Mtihani utauliza, wifi."

"We mama wa wapi? Mama tangu lini akamfunza mwanawe hayo? Huna haya?"

Hapo lazima niwaeleze wasio wa pwani. Kwetu msichana akivunja ungo, mama yake hatakiwi kumwambia neno. Kazi hiyo ni ya kungwi, mwanamke mwingine aliyeteuliwa, ndiye anayemweka ndani na kumfunda. Mama anatazama pembeni, na ndiyo heshima. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na watu wengi, na kila nikiambiwa natamani kutapika.

"Kungwi wake miye hapa," Shangazi akasema. "Siku ikifika mniite. Hizo kurasa zitieni gundi, kitabu mkitumie. Khalas."

 Mama akaenda jikoni, akakoroga unga wa ngano na maji juu ya moto mpaka ukawa uji mzito, akarudi, akapaka kurasa kwa mgongo wa kijiko, Shangazi kasimama juu yake. Kisha wakakilaza kitabu chini ya gunia la mchele. Nilipouliza niliambiwa kurasa zile zina makosa ya chapa. Mimi nilikuwa mtoto wa kusikia. Nikaamini, na miezi yote ile sikuzigusa.

Siwezi kusema Mama alifundisha vibaya. Alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyekuja kumpata. Tulichemsha karkade, yale maua mekundu ambayo Tanga twayaita choya, tukakamulia ndimu kwenye bilauri moja, tukatia magadi kwenye nyingine, moja ikawaka wekundu, moja ikawa kijani, nami nikapiga kelele kama nimeona jini. Kila jaribio niliandika daftarini: lengo, vifaa, matokeo, hitimisho. Ila siku ile Mama alipogeuka, nilionja ile ya kijani. Nilitaka kujua.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata niliamka na damu.

Fikirini. Mtoto wa miaka kumi na miwili, hajui lolote, amekunywa magadi na maua Jumamosi. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikafungua daftari nikaandika. Lengo: kujua ladha. Vifaa: karkade, magadi, mimi. Matokeo: damu. Hitimisho: nimepasuka ndani.

Mama aliona shuka. Tukatazamana. Niliona macho yake yakijaa kitu, nikangoja aseme. Akageuka, akatoka kwenda ukumbini na simu. Nilisikia maneno ya mwisho tu: "Haya wifi, inshallah Ijumaa basi." Shangazi alikuwa na nguo za harusi za kumalizia, hangeweza kuja kabla. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba jambo langu limepangiwa siku.

Mama akarudi na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, akakiweka kitandani bila kunitazama, akatoka. Cheupe. Kimekunjwa. Mimi nimeshaona maiti akivishwa, nimeshamwona bibi yangu. Nikajua ile ni sanda, na kwamba watu wa hapa huwapa wagonjwa mapema.

Halafu akaniita tuendelee na umeme.

Siku tatu! Siku tatu yule mwanamke aliketi mbele yangu na betri mbili na taa ya tochi, akanieleza mkondo unavyozunguka, na mimi nimeikalia sanda yangu nikijibu maswali kwa usahihi. Alijua. Aliona uso wangu umekuwa kama jivu. Usiku alinikumbatia kwa nguvu mno, asubuhi tena akafungua kitabu. Nikaandika wosia nyuma ya daftari, kichongeo changu apewe binamu yangu wa Tanga. Nilipofika kwenye jina la Mama sikujua nimwachie nini.

Jumatano jioni Mama alikuwa anaswali, nami nilikuwa jikoni nikilia juu ya sinki. Nakato akaingia na sare zake za ulinzi, kofia mkononi.

"Wee mtoto. Nani amekupiga?"

"Hakuna."

"Sasa unalia nini? Nani amekufa?"

"Mimi," nikasema. "Ijumaa."

Nikamwambia yote, karkade, magadi, sanda. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika jokofu, nami nikamchukia sana kwa dakika nzima. Akajifuta macho, akavuta ndoo, akakaa juu yake ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Sikia. Hiyo hata mimi iko nayo. Mama yako iko nayo. Ile madam yangu ya kazini na makelele yake yote, iko nayo. Kila mwezi, inakuja, inaenda. Hakuna mtu anakufa. Kama ingekuwa inaua, hii Dubai ingebaki na wanaume tu, na nani angewapikia?"

Akanieleza na mengine, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na kwa kidole alichochovya kwenye maji akanichorea juu ya meza mahali damu inapotoka na kwa nini. Mchoro ukakauka kabla hajamaliza, akauchora tena. Lilikuwa somo la dakika kumi. Nililala usiku ule kama jiwe.

Ijumaa Shangazi akaja na udi, kanga mpya na liwa ya kunipaka. Akanifungia chumbani akaanza: usikae na wavulana, usiguse msahafu siku hizo, usicheke ovyo, usimwambie mtu. Usi, usi, usi. Ni nini hasa kinachotokea mwilini mwangu, hakusema. Nikamwambia nimeshaelezwa, nikamtajia yote kwa fahari kama ninavyosoma hitimisho.

Uso ukamwiva. "Nani kakufunza matusi haya?"

Nikasema. Sikuona kama ni siri.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Nakato alifungasha. Shangazi alikuwa amemwambia Baba kwamba mwanamke yule anaharibu watoto, na Baba, ambaye hakuniuliza chochote maisha yake yote, akampa siku nane. Nakato alipita ukumbini na begi lake na lile godoro jembamba alilolikunja kwa kamba. Akanibonyeza pua. Kwa Mama akasema tu, "Haya Mama, asante kwa chumvi." Mama alikuwa amesimama pale mlangoni.  Alitazama sakafu, heshima tele.

Na Septemba mtihani uliuliza. Maswali mawili kutoka sura ya nane, mbele ya macho yangu. Niliyajibu yote, nikachora na mchoro, nikapata nafasi. Shangazi aligawa halua kwa majirani, akajisifu kwamba kitabu kile alikichagua yeye.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini kitabu kilikaa ndani ya dagaa siku tatu kabla sijakitoa. Siku ya nne nikachemsha birika, nikidhani nitahitaji mvuke wa kuzibandua. Sikuuhitaji. Niliingiza ukucha pembeni, na ukurasa ukaachia wenyewe, krrr, kama ganda la kidonda kilichopona. Uji ulikuwa umepakwa katikati tu, mstari mwembamba.

Ndani kulikuwa na sisimizi.

Sura nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila neno lina Kiswahili chake juu, hata yale ambayo mpaka leo sijamsikia akiyatamka. Alikuwa ameyaandika kabla ya ile Ijumaa, alipokuwa bado anadhani atanifundisha. Na pembeni mwa ule mchoro, kwa mwandiko uleule wa hapa mwoneshe kwa ndimu: "Mwambie asiogope. Mwambie hata mimi niliogopa."

Nikampigia hapohapo.

"Dagaa wamefika salama, mwanangu?"

"Nimefungua kitabu, Mama."

 Nilisikia kuku wa Tanga.

"Pembeni sikupaka," akasema. "Wifi alipogeuka kuwasha udi, pembeni nikaacha. Nilijua utabandua. Ulikuwa mdadisi wewe, ulikunywa mpaka magadi."

"Ulijua nimekunywa?"

"Nilisoma daftari."

Alisoma daftari! Alilisoma lile hitimisho langu, pengine na wosia, akakaa akingoja kucha zangu zifanye kazi ya mdomo wake. Zamani nilidhani Mama hakujua la kusema. Kumbe alilijua lote, alikuwa amelifanyia na mazoezi, na ujasiri alioukosa yeye akamwachia mtoto wa miaka kumi na miwili autafute chini ya uji. Na mtoto mwenyewe, kwa bahati mbaya, alikuwa mtiifu. Sikumwambia nimemsamehe, maana sijamsamehe. Nilimuuliza dagaa ni wa bei gani, akanijibu, tukaongea dagaa mpaka salio likaisha.

Kitabu kipo juu ya meza ya kulia, kimelala wazi kwenye sura ya nane. Mwanangu hupita akatazama, akaona hakuna picha ya paka, akarudi kwenye katuni zake. Mume wangu juzi alitaka kukifunga kwa sababu wageni wanakuja. Nikamwambia asikiguse.