Ahadi ya Kiu

Mimi ni mtu wa kufumua. Nikishona sketi na mshono ukapinda kidogo, mteja hauoni, mama mkwe wake hauoni, lakini mimi nitaufumua na kuanza upya. Hata kusoma nasoma hivyo. Shuleni sikufika mbali, Kiswahili cha vitabu nimejifundisha mwenyewe, na kwa miaka mingi niliogopa kupitwa na neno. Nikifika chini ya ukurasa bila uhakika, narudi juu. Niliogopa hata kucheka. Je, kama hapa si pa kucheka?

Ndiyo maana riwaya yangu ya kwanza ya vichekesho vya siasa niliisoma kama kitabu cha mtihani. Nilikuwa Geita, Kalangalala, nikishona sare za shule kwenye baraza ya duka la dada yangu. Muuza vitabu vya mitumba nilimwomba kitabu chenye Kiswahili kizuri, kizito, akanipa kimoja kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimechanika. Kilianza moja kwa moja na Mheshimiwa wa nchi isiyotajwa akihutubia. Niliona anasema vizuri sana, nikakariri sentensi zake. Mchimbaji mmoja alipoleta suruali ya kutiwa kiraka na kuuliza itakuwa tayari lini, nilimjibu kwa maneno ya Mheshimiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi kwa umakini mkubwa na litakamilika kwa wakati muafaka. Akaniangalia. Akasema, "Kwa hiyo si leo."

Siku chache baadaye nilifika mahali ambapo Mheshimiwa anaunda kamati ya kuchunguza kwa nini kamati zinachelewa, na kamati hiyo inaomba kuongezewa muda. Kwa kawaida yangu nikarudi juu ya ukurasa. Nikasoma tena. Ndipo nikaikumbuka ile suruali, na kicheko kikanitoka kabla sijakipa ruhusa. Nilicheka mpaka dada akatoka dukani kuuliza nani amekuja.

Tangu hapo nazitafuta riwaya za namna hiyo popote nipitapo. Sababu naona haya kidogo kuisema. Maisha yangu yote nimeogopa kukosea mbele za watu, na humo ndani wamejaa wakubwa wanaokosea kwa Kiswahili sanifu, kipaza sauti mkononi, na kesho yake jua linachomoza kama kawaida. Nikizisoma, mabega yangu yanashuka. Nampenda pia mwandishi asiyenikonyeza. Anaeleza upuuzi kwa uso mkavu, kama karani anayesoma mihtasari ya kikao, na kuniachia mimi kazi ya kucheka. Kwa mtu kama mimi, kuaminiwa kwamba nitapaona mwenyewe pa kucheka ni heshima kubwa.

Nilirudi Shinyanga, Ngokolo, kwa baba mdogo aliyenilea, macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na minada ya mkoa huu ameizunguka yote. Kwa kuwa kusoma hakuwezi tena, nilianza kumsomea kila alasiri kile kitabu changu kisicho na jalada. Yeye hacheki kama mimi. Anacheka kwa pua, kisha anamtafutia Mheshimiwa ndugu miongoni mwa watu anaowajua. "Huyu nilimuuzia fahali kule mnadani Songwa," aliniambia mara moja. "Alikuwa anamhutubia ng'ombe." Kishukuma kikimponyoka katikati ya kicheko, najua kichekesho kimemfika.

Mwaka ule niliorudi aligombea uenyekiti wa mtaa. Kilichomsumbua ni hotuba. Kupatana bei anajua, kuhutubia hajui. Alasiri moja tukafika kwenye sura ambayo Mheshimiwa anakwenda kijiji kisicho na maji. Anapanda jukwaani na kusema: "Walionitangulia waliwaahidi maji. Mimi sitawaahidi maji. Mimi nitaona kiu pamoja nanyi."

Baba mdogo hakucheka. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akayasema mwenyewe polepole, kwa sauti ya chini, kisha akasema "wabeja", asante ya kwetu, kama mtu aliyepokea zawadi kwa mikono miwili. Hotuba yake alikuwa ameipata. Mteja akapiga hodi, nikafunga kitabu, ukurasa mmoja tu kabla Mheshimiwa hajaketi na kufungua chupa ya maji baridi.

Mkutano wa wagombea ulikuwa Jumamosi. Wiki ile sindano ilinichoma vidole ovyo. Mtaani kwetu wapo walimu, wapo watu wa vitabu. Mmoja tu akiyatambua yale maneno, mzee aliyenilea angechekwa mbele ya watu anaowaamkia kila asubuhi. Kumwambia nako kulinitisha, maana ningekuwa namwonyesha kwamba amependa maneno ya mpumbavu, kama nilivyoyapenda mimi. Nilifanya mazoezi ya kumwambia huku nikishona. Kila sentensi niliyoitunga niliifumua.

Ijumaa aliporudi kutoka msikitini nilikaa karibu naye, nikamsomea ukurasa uliofuata bila utangulizi. Mheshimiwa anaketi, anakunywa chupa nzima, anajifuta midomo, anamuuliza katibu wake kama garini kuna nyingine. Hapo nikaishia.

"Kumbe ni mjinga," baba mdogo akasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na yale maneno nayo ni ya kijinga?"

Nilianza kueleza kwamba maneno yenyewe si mabaya, ila inategemea. Akanikatiza kwa mkono.

"Yeye aliyasema ana chupa, mwanangu. Mimi bomba likikauka nasimama foleni na ndoo zangu, wananiona. Nitayasema."

Jumamosi nilisimama nyuma kabisa, karibu na wauza karanga. Vijana walioandaa meza kuu walikuwa wametandika kitambaa cheupe na kuweka maua ya plastiki. Na kama inavyowekwa kwenye kila meza kuu ya nchi hii, mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji. Ya baba mdogo ilikuwa inatiririka jasho juani. Yeye, kwa macho yake yale, hakuiona. Nilitaka kwenda kuiondoa, lakini ningepita mbele ya watu wote.

Zamu yake ilipofika alisimama wima, akasema hataahidi maji, ataona kiu pamoja nao. Kisha mama mmoja muuza mchicha aliyeketi mbele akauliza, bila hata kupaza sauti, "Mgombea, na hiyo chupa nayo ina kiu?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo akapapasa kitambaa mpaka akaigusa chupa. Akaileta karibu na macho, akaikagua kama anavyokagua meno ya ng'ombe. Halafu akaifungua, akanywa taratibu hadi tone la mwisho, akajifuta midomo, akamgeukia kijana aliyekuwa karibu naye na kumuuliza, kipaza sauti bado kikiwa mkononi, kama garini kuna nyingine.

Gari halikuwepo. Alikuja kwa miguu, na mtaa mzima ulimwona akija.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Yule mama wa mchicha alilazimika kumshika jirani yake asianguke. Baba mdogo alisubiri kitulie, kisha akasema, "Siku mkiniona hivi kweli, mniondoe." Akaketi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na sikujali nani ananiona.

Uchaguzi alishinda mwingine, jambo ambalo halikumuuma kama nilivyodhani. Lakini jioni ile ya mkutano tulikuwa bado hatujui. Tulirudi nyumbani taratibu, mkono wake begani kwangu kwa ajili ya macho. Watu walimsalimia milangoni, naye akawaitikia.

"Yule wa kitabuni," akaniuliza, "alipomaliza kunywa, watu walicheka?"

Niliukumbuka ukurasa ambao sikumsomea.

"Hapana, baba mdogo. Walipiga makofi."

Akatembea kidogo akilifikiri hilo.

"Maskini wale," akasema. Akaniomba kesho nianzie hapo.